Watoto wa paka wenye lukemia: jinsi ya kuwatafutia nyumba Siyu

Siyu paka hatafutwi. Yuko darini, yuko penye daka, yuko kando ya anayeparua samaki kabla hata kisu hakijatoka. Wengi wao hawana mwenyewe mmoja: hula nyumba hii, hulala nyumba ile, na huzaa popote penye kivuli, iwe chini ya ngazi, nyuma ya rundo la makuti au ndani ya mashua iliyopandishwa kukarabatiwa. Watoto wanapoonekana, jambo humalizwa upesi. Huyu achukua mmoja, yule wawili, wa mwisho hubaki na mamake.

Somo la toleo hili linahusu hali ambayo jambo halimaliziki hivyo. Chukua mfano wa mkazi aliyeokota vipaka wanne wa wiki tisa, akawapeleka kwa daktari wa mifugo, na kipimo cha damu kikaonyesha kwamba wawili kati yao wana virusi vya lukemia ya paka. Wawili hao wanacheza na kula kama wenzao. Kuwarudisha mtaani ni kuwaambukiza paka wengine wa mji. Kumpa kila anayeomba ni kumbebesha mtu mzigo asioujua. Kuwaua kwa sababu ya jibu la kipimo peke yake ni kuharakisha, kwa kuwa kipaka mwenye virusi anaweza kuishi miezi mingi, na mara nyingine miaka, akiwa na raha zake. Kinachohitajika ni nyumba, lakini nyumba ya namna yake.

Ugonjwa wenyewe

Lukemia ya paka huletwa na kirusi kilichotambuliwa mwaka 1964 huko Glasgow, Uingereza, na daktari wa mifugo William Jarrett pamoja na wenzake, walipokuwa wakichunguza saratani iliyowapata paka wengi waliokuwa wakiishi nyumba moja. Kirusi huingia mwilini, hujificha ndani ya uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na kutoka hapo huharibu mambo mawili: damu na kinga. Paka wengine hupata saratani. Wengi zaidi hufa kwa upungufu wa damu au kwa maradhi madogo ambayo paka mwenye kinga kamili angeyashinda kwa siku tatu.

Njia kuu ya kuambukiza ni mate. Paka wanaolambana, wanaokula sahani moja na kunywa bakuli moja, wanaong'atana wakigombea jike, wote wako katika hatari. Mkojo, kinyesi na makamasi hubeba virusi pia. Jike mwenye ugonjwa huwapa watoto wake tangu tumboni, au baadaye kwa maziwa na kwa kuwalamba. Umri nao una uzito mkubwa: kipaka wa wiki chache hushikwa kwa urahisi, ilhali paka mzima mwenye afya mara nyingi hupambana na kirusi na kukishinda.

Kuna habari mbili njema. Ya kwanza ni kwamba kirusi hiki hakimpati binadamu. Hakimpati mbwa, mbuzi, kuku wala punda. Mtoto anayelala na kipaka mwenye lukemia hawezi kuambukizwa lukemia. Ya pili, kirusi ni dhaifu kikiwa nje ya mwili. Pakiwa pakavu hufa kwa saa chache, na sabuni ya kawaida au maji yenye dawa ya klorini hukimaliza. Kwa hiyo hakuna haja ya kuchoma mkeka aliolalia kipaka. Uoshwe, uanikwe juani.

Bakuli moja

Hapa pana jambo ambalo watu wa pwani hulichanganya, na lina sababu ya kuchanganywa. Katika fiqhi paka ni twahara, na masazo yake hayanajisi maji. Ndiyo maana paka hunywa penye birika na hakuna anayemfukuza, na ndiyo maana wazee huwaweka paka karibu bila wasiwasi. Hukumu hiyo ni ya binadamu na ibada yake. Haisemi kwamba paka mmoja hawezi kumwambukiza mwenziwe kwa bakuli hilohilo. Mwenye nyumba mwenye paka watano na sufuria moja ya maziwa uani hajafanya kosa lolote la dini, lakini akileta kipaka mwenye virusi, sufuria ile ndiyo itakayowafikia wote watano.

Vivyo hivyo kwa vichwa vya samaki vinavyomwagwa pamoja mwisho wa siku. Mahali paka kumi wanapokula lundo moja ndipo kirusi hupita kwa raha.

Kabla ya kusema ni lukemia

Si kila kipaka aliyekonda ana ugonjwa huu. Viroboto peke yao wanaweza kumnyonya mtoto wa paka damu mpaka fizi zikawa nyeupe kama karatasi. Minyoo humfanya awe na tumbo kubwa na miguu kama njiti. Njaa nayo haina siri. Dalili za lukemia ni zilezile kwa sehemu kubwa: fizi zilizopauka, kukonda, homa isiyoisha, tezi zilizovimba, vidonda vya mdomoni, kuharisha kunakorudi. Macho hayatoshi kutofautisha. Damu ndiyo hupimwa.

Kipimo cha kwanza hufanywa kwa matone machache ya damu kwenye kifaa kidogo, na jibu hupatikana kwa takriban dakika 10. Kinatafuta protini ya kirusi chenyewe, kwa hiyo kipaka anaweza kupimwa hata akiwa mchanga, na maziwa ya mamake au chanjo havikipotoshi. Lakini jibu moja halitoshi kumhukumu. Kipaka aliyeambukizwa juzi anaweza kuonyesha hana, kwa kuwa huchukua hadi siku 30 protini kuonekana. Na aliyeonyesha anayo anaweza baadaye kukidhibiti kirusi, damu yake ikaacha kukionyesha. Ndiyo sababu daktari huomba kipimo cha pili baada ya wiki kadhaa, na inapowezekana kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi.

Kila kipaka apimwe peke yake. Kumpima mmoja na kusema wenzake wako sawa naye ni kubahatisha, maana katika uzao mmoja wengine huweza kuwa nacho na wengine wasiwe nacho. Mama yao apimwe pia, akikamatika. Wakati majibu yakingojewa, wasiokuwa na virusi watengwe na walio navyo, chumba mbali na bakuli mbali, nao warudiwe kupimwa kabla hawajagawiwa.

Kwa mkazi wa Siyu kipimo ni safari. Kwanza apige simu kwa afisa wa mifugo aulize ni kliniki gani ina kifaa wakati huo, asije akavuka bahari bure. Kisha apange na maji. Anayetumia mkondo wa Siyu anajua kwamba chombo huingia na kutoka maji yakijaa tu, na anayepitia Mtangawanda ana kipande cha nchi kavu kwanza. Kipaka asafirishwe ndani ya kikapu chenye kifuniko kilichofungwa kwa kamba, kitambaa ndani, kivuli juu. Paka aliyeshikwa mkononi huruka injini inapowashwa, na baharini hakuna wa kumkimbiza. Majirani watatu wakiwa na vipaka wa kupimwa, ni busara wasafiri pamoja na kugawana nauli, ila kila uzao na kikapu chake.

Watu wa visiwa hivi si wageni wa hospitali ya wanyama. Tangu mwaka 1987 punda wa Lamu wana kliniki yao, na wenye punda kutoka Pate wamezoea kuuliza siku ya daktari. Kwa paka mazoea hayo yangali machache, labda kwa sababu paka habebi mawe.

Nyumba ya namna gani

Nyumba inayofaa kipaka mwenye lukemia ni ile isiyo na paka mwingine, na ambayo paka akiwekwa ndani hubaki ndani. Masharti haya mawili yakitimia, mengine yote hurekebishika.

Nyumba za mawe za Siyu zina sifa ya kufaa kwa kazi hii. Kiwanda, ule uwazi wa katikati, humpa paka jua, upepo na mjusi wa kuwinda bila kumtoa nje. Kuta ni ndefu na mlango ni mmoja au miwili. Kinachotakiwa kuangaliwa ni dari na ngazi: kama paka anaweza kupanda juu akavuka paa la jirani, basi hayuko ndani. Wavu wa kuvulia uliochakaa, ukikazwa vizuri mwisho wa ngazi, hufanya kazi kama wavu wa dukani. Nyumba za udongo na makuti ni ngumu zaidi, kwa sababu pana nafasi kati ya ukuta na paa ambayo paka huipenda sana. Huko itabidi kuchagua chumba kimoja, kuziba nafasi ile kwa wavu au mbao, na kumzoesha kipaka tangu mdogo kwamba hapo ndipo kwao. Paka aliyelelewa ndani tangu wiki tisa hasumbui. Anayesumbua ni aliyekwisha kuonja mtaa.

Choo chake ni karai la mchanga, unaotolewa uchafu kila siku na kubadilishwa wote mara kwa mara. Mchanga wa pwani haukosekani.

Je, nyumba iliyo na paka mzima? Chanjo ya lukemia ya paka ipo, hutolewa mara mbili kwa kupishana wiki tatu au nne, kwa paka ambaye kipimo kimeonyesha hana virusi. Inasaidia sana, lakini si ukuta kamili, na madaktari wengi hawashauri kuitegemea kwa paka atakayelala kitanda kimoja na mwenye ugonjwa. Jibu lililo salama ni kutafuta nyumba nyingine. Lakini nyumba ambayo tayari ina paka mwenye virusi hivi inafaa kabisa, na mara nyingi ndiyo bora kupita zote, kwa kuwa mwenyewe amekwisha jifunza na paka wake amepata mwenzi.

Kwa sababu hiyohiyo vipaka wawili wenye virusi wa uzao mmoja wasitenganishwe kama inawezekana. Paka anayefungiwa ndani peke yake hulia usiku na kutafuta kutoka. Wakiwa wawili huchezeana wenyewe, na mwenye nyumba hulala.

Wanaofaa kuombwa kwanza ni watu ambao siku yao hupita nyumbani: wanaosuka mikeka, mafundi wa ngozi wanaofanyia kazi ndani, wazee wanaoishi na mjukuu mmoja. Duka si mahali pake, maana mlango ni wazi kutwa. Msikiti pia sipo, wala madrasa, kwa kuwa paka wa mtaa hupita humo watakavyo. Na mwenye kliniki au jirani mwenye paka wengi, hata awe na moyo mwema kiasi gani, aambiwe hapana.

Kusema kweli kabla ya kukabidhi

Watu wengi wanaogawa kipaka mgonjwa hujaribiwa kunyamaza, wakitumaini kwamba mapenzi yatakuja kabla ya maradhi. Matokeo yake ni mabaya pande zote. Mpokeaji asiyejua humwachia paka atoke, humwekea bakuli moja na paka wa jirani, na kipaka akifa baada ya miezi sita huona amedanganywa. Mara nyingine humtupa. Kumtelekeza mnyama katika hali itakayomletea mateso ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, na kumwekea sumu ni kosa vilevile.

Mazungumzo ya kukabidhi yanaweza kuwa mafupi. Msichana anayempelekea kipaka mama wa makamo anaweza kuanza hivi:

“Shangazi, kabla hujamshika nataka ujue. Huyu ana ugonjwa wa damu. Watu haushiki, lakini paka wenziwe unawashika.”

“Atakufa?”

“Huenda akaishi mwaka, huenda mitatu. Daktari hakuniahidi.”

“Na akitoka nje?”

“Asitoke, shangazi. Hilo ndilo ninalokuomba.”

“Basi nipe siku mbili niangalie lile dirisha la msana, mwanangu. Halafu umlete.”

Siku mbili hizo ni dalili njema. Anayechukua papo hapo kwa sababu kipaka ana macho mazuri aombwe naye asubiri. Aliyekataa asilaumiwe. Kipaka asitolewe kabla ya kutimiza wiki 8, na anapotolewa aende na karatasi: tarehe ya kipimo, jibu, chanjo alizopata, dawa ya minyoo, na nambari ya simu ya daktari aliyempima. Aliyetoa naye akubali jambo moja kwa kinywa chake, kwamba mambo yakimshinda mpokeaji, paka atarudishwa kwake na hatapelekwa sokoni.

Matunzo ya kila siku

Chakula chake kiwe kimepikwa. Paka mwenye kinga pungufu hawezi kustahimili vijidudu vilivyo katika nyama na samaki mbichi, wala maziwa yasiyochemshwa. Kichwa cha changu kilichochemshwa na kutolewa miiba, pamoja na wali kidogo, ni bora kuliko utumbo mbichi alioupenda mamake. Maji yawe safi, yabadilishwe kila siku.

Afungwe uzazi, dume au jike, wakati daktari atakapoona ana nguvu za kutosha. Jike mwenye virusi akizaa, watoto wengi hufa mapema na wanaobaki huwa wagonjwa kama yeye, kisha mkazi hujikuta anaanza somo hili upya. Achanjwe kichaa akitimiza miezi 3 na kurudiwa kila mwaka kama paka mwingine yeyote. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, na paka aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa huambukiza watu vilevile. Dawa ya minyoo apewe kwa ratiba ya daktari. Daktari amwone kila baada ya miezi 6, na kila anapoacha kula zaidi ya siku moja, kwa kuwa kwake yeye kikohozi kidogo hakichukui muda kuwa kikubwa.

Dawa mbili zinaua paka na zimo karibu katika kila nyumba. Moja ni parasetamoli: kidonge kimoja cha binadamu kinaweza kumuua paka mzima. Nyingine ni dawa za viroboto na kupe za mbwa au ng'ombe zenye pemethrini. Paka asipakwe wala asinyunyiziwe. Viroboto vya kipaka vitolewe kwa kitana chenye meno ya karibu na maji ya sabuni mpaka daktari atoe dawa ya paka yenyewe.

Mwenye mimba, au mgonjwa ambaye kinga yake ni dhaifu, asisafishe lile karai la mchanga. Kazi hiyo aifanye mwingine. Sababu si lukemia. Ni kijidudu kingine, toksoplasma, ambacho paka yeyote anaweza kukitoa katika kinyesi na ambacho ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Siku zinapokuwa ngumu

Paka wengi ambao kirusi kimewashika moja kwa moja hufa ndani ya miaka mitatu tangu kugunduliwa, na vipaka mara nyingi mapema zaidi. Wachache hukidhibiti na kuzeeka. Dawa ya kukiondoa haipo. Anayeuza mitishamba au sindano ya kukiponya anauza maji.

Siku paka anapoacha kula, fizi zikiwa nyeupe na pumzi ikienda mbio hata akiwa amelala, mwenye nyumba amwite daktari na aulize waziwazi kama kuna kitu cha kumsaidia. Kama hakuna, sindano ya daktari ya kumpumzisha ni njia ya upole kuliko kumwacha siku nne chini ya kitanda. Uamuzi huo ni wa familia na daktari, na mpokeaji asibebeshwe peke yake: aliyemkabidhi kipaka aje akae naye, hasa kama mle ndani mna mtoto aliyempa paka jina.

Paka azikwe mbali na kisima, katika shimo lenye kina ambacho mbwa hawafukui. Bakuli, karai na kikapu vioshwe kwa sabuni na maji ya klorini, vianikwe. Nyumba hiyo ina wavu tayari na mwenye kujua kazi, kwa hiyo jina lake lipelekwe kwa afisa wa mifugo, kwa ajili ya vipaka wengine watakaopimwa wakapatikana na virusi.